Uvimbe Unakula Nini?

Likizo iliyopita nilimkuta shangazi amekonda sana. Ana saratani ya titi, na jirani mmoja alikuwa amemshauri apunguze kula ili uvimbe ufe njaa. Akanisogezea sahani yake: "Kula wewe, mwanangu. Mimi nikila, namlisha huyu." Nasomea ualimu wa biolojia, niko mwaka wa tatu, lakini siku ile sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni nikalitafuta.

Seli ya kawaida haijigawi ovyo, husubiri amri. Amri huletwa na protini zinazoitwa vichocheo vya ukuaji, ambazo huingia kwenye vipokezi vya seli kama ufunguo kwenye kitasa. Ukijikata kisu jikoni, chembe zinazogandisha damu humwaga vichocheo hivyo, seli za jirani hugawanyika, kidonda kinafunga, na amri inakoma. Kwa kugundua vichocheo vya ukuaji, Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Saratani inauteka mfumo huohuo. Seli nyingine hujitengenezea kichocheo chake, yaani inajituma na kujiitikia yenyewe. Nyingine hurundika vipokezi. Katika baadhi ya saratani za titi, kipokezi kiitwacho HER2 huwa kingi mno, na vikibanana vinaamshana vyenyewe bila kusubiri amri. Seli haiachi kugawanyika.

Sasa, chakula kinafikaje? Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, alitoa hoja kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache bila kupata mishipa mipya ya damu. Leo tunajua kuwa uvimbe ukikosa oksijeni humwaga kichocheo kiitwacho VEGF, na mishipa ya jirani huchipua kuufuata. Ni kama mtu anayejiunganishia maji kinyemela kwenye bomba la mtaa.

Hapo ndipo ushauri wa yule jirani unapoanguka. Usipokula, mwili huvunja akiba yake, hata misuli, ili sukari isikauke kwenye damu. Uvimbe unaendelea kuchota. Anayekufa njaa ni shangazi, tena wakati anahitaji nguvu za kuhimili matibabu.

Cha kukata ni amri, si ugali. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hushika kipokezi cha HER2 na kuzuia ishara yake. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa HER2 kabla ya kuchagua dawa: kama kipokezi hicho hakijazidi, dawa hiyo si yake.

Nilimpigia simu shangazi nikamweleza hivyo hivyo, na bomba lake. Akanyamaza, kisha akacheka: "Kumbe huyu ni mwizi wa maji!" Jioni binamu yangu akanitumia picha ya sahani. Nusu ilikuwa imeliwa.

Jamani, tunafaulu mitihani ya seli kila muhula. Nyumbani kwenu nani ameshaelezwa?