Kunakili bila kutaja: funzo kutoka Baraka

Nianze na kosa langu mwenyewe. TFC yangu ilihusu methali za Kibembe. Sura ya kwanza niliitoa katika kazi ya mwanafunzi aliyenitangulia, nikabadili majina ya vijiji, nikaipeleka kuchapwa. Hakuna aliyenikamata. Aibu ilinipata Baraka, kwa mzee mvuvi aliyenipa methali nyingi kuliko wengine wote. Aliniomba nimwonyeshe jina lake. Halikuwemo. Nilikuwa nimeandika tu: «wazee wa Fizi husema».

Basi niliiba mara mbili: katika karatasi na kinywani mwa mtu. Wizi wa pili hatuufundishi kamwe. Ila utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliotolewa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, unamtaja msimulizi wake, Candi Rureke.

Wanafunzi wengi hudhani kubadili maneno kunatosha. Tuseme kitabu kinasema: «Nyumbani Fizi watu husema Kibembe, lakini sokoni Baraka Kiswahili ndicho kinachotawala.» Mwanafunzi anaandika: «Katika familia za Fizi Kibembe hutumika, ila kwenye soko la Baraka Kiswahili ndicho chenye nguvu.» Mifupa ni ile ile, ngozi tu ndiyo mpya. Amtaje mwandishi. Au, vizuri zaidi, aende sokoni asikilize: muuza ndagala na mnunuzi wake wanaanza kwa lugha gani, na wakigombana juu ya bei wanahamia ipi? Hapo atakuwa na lake la kusema, na kitabu atakitaja ili akiunge mkono au akipinge.

Kwa nini tunanakili? Uvivu upo, sikatai. Lakini kwetu mtoto husema Kibembe nyumbani, Kiswahili njiani, kisha kazi anaidaiwa kwa Kifaransa. Akiona sentensi ya Kifaransa iliyonyooka, anaishika kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Ndiyo maana ninawaruhusu wanafunzi wangu kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili. Mawazo yakishakuwa yao, kutafsiri ni kazi ya saa chache.

Adhabu nayo iwe ya haki. Kanuni isomwe siku ya kwanza, si siku ya kutetea kazi. Aliyesahau alama za kunukuu arudishiwe kazi asahihishe. Aliyenunua kazi nzima ni shauri jingine. Wote wawili wasikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Na sisi walimu tuzitazame silabusi tunazowauzia: ngapi zinataja zilikotoka?

Siku hizi kila mwanafunzi wangu hubeba daftari lenye jina la msimulizi, kijiji, tarehe, na jibu la swali moja: unakubali kutajwa? Kwa vita tulivyoviona Fizi, wengine hukataa. Hao tunawaandikia herufi mbili tu, na daftari linabaki kwa mwalimu. Yule mzee wangu alikubali zamani sana. Jina lake limo katika makala ninayoandika sasa, ukurasa wa kwanza.