Pumzi Ikiwa Fupi: Kuishi na Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Madaktari wa kifua wana swali ambalo hupenda kuuliza kabla hawajashika kipimo chochote: ukitembea na watu wa rika lako kwenye njia tambarare, unakwenda nao sambamba au unabaki nyuma? Anayebaki nyuma, au anayelazimika kusimama kila baada ya mita 100 hivi ili atafute pumzi, ana jambo la kuchunguzwa. Wengi wetu hulijibu swali hilo kwa visingizio. Ni umri. Ni unene. Ni baridi ya Njombe, au joto la Tanga. Miaka inapita, mtu anaacha kwenda shamba la mbali, kisha anaacha msikiti wa mtaa wa pili, mwishowe anashinda uani akiwaagiza wajukuu, na nyumba nzima inasema mzee amechoka. Kumbe njia zake za hewa zimebana, na hakuna aliyempeleka kupimwa.

Kwenye faili la hospitali ugonjwa huo huandikwa kwa herufi nne, COPD. Mtaani huitwa kifua tu, na mara nyingi huchanganywa na pumu. Pumu hubana na kuachia. Mara nyingi humwanza mtu utotoni, na kati ya shambulio moja na jingine anaweza kuwa mzima kabisa. COPD haiachii yote. Humwingia mtu taratibu, kwa kawaida baada ya miaka 40, na uharibifu uliokwisha kutokea kwenye mapafu haurudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wameupata kwa tumbaku. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati tumbaku huchangia asilimia 30 hadi 40, na moshi wa ndani ya nyumba ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya sehemu iliyobaki. Ndiyo maana huku kwetu mgonjwa anaweza kuwa bibi ambaye hajagusa sigara maisha yake yote, ila amekaa mbele ya mafiga tangu alipokuwa msichana. Vumbi la machimboni nalo lina watu wake.

Kuna kundi jingine linalosahaulika: waliougua kifua kikuu (TB) wakapona. Dawa za miezi 6 huua vimelea, lakini hazifuti makovu. Mtu amemaliza dozi, kadi imefungwa, naye bado anakohoa na kuhema akipanda ngazi. Akipigwa picha, makovu yanaonekana, na hapo ni rahisi kuambiwa TB imerudi na kuanzishiwa vidonge upya. Inaweza kuwa imerudi kweli, kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimiwe makohozi bila ubishi. Lakini majibu yakionyesha hakuna vimelea, muulize daktari swali la pili: je, ni mapafu yaliyobaki na kovu?

Kipimo cha kuthibitisha ni cha kupuliza. Unavuta hewa hadi kifua kijae, kisha unaitoa kwa nguvu zako zote ndani ya mrija wa mashine hadi usibaki na kitu. Ikiwa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote uliyopuliza, hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua kifua na kusubiri dakika 15, basi njia zimebana. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo. Omba rufaa, wala usione haya kuomba.

Sasa tuje kwenye pampu, maana hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea.

Watu wanaiogopa. Wanasema pampu inazoeleka, kwamba ukiianza huachi, kwamba ni ya watu walio karibu na kaburi. Wanaona afadhali vidonge vya salbutamol, kwa kuwa kidonge ni kitu cha kawaida. Tufanye hesabu. Kidonge kimoja cha kawaida cha mtu mzima kina miligramu 4. Pampu hutoa miligramu 0.1 kila ukiibonyeza, hivyo mibonyezo miwili ni miligramu 0.2. Anayemeza kidonge amechukua mara 20 ya dozi hiyo, tena imezunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mikono inamtetemeka na moyo unamwenda mbio. Dawa ya pampu hutua kwenye njia za hewa zenyewe na kuanza kazi ndani ya dakika chache. Kwa mtazamo wangu, anayeogopa pampu na kukimbilia vidonge ameogopa kidogo na kukumbatia kikubwa.

Tatizo ni kwamba wengi hupewa pampu bila kuonyeshwa namna ya kuitumia. Utamwona mtu anajipulizia mdomoni kama anayejipaka marashi, dawa inaishia kwenye ulimi, kisha anasema haimsaidii. Itikise kwanza. Toa pumzi hadi mwisho. Ibane kwa midomo pasipo nafasi ya hewa kupita pembeni, anza kuvuta hewa polepole, na ubonyeze ukiwa tayari unavuta. Endelea kuvuta hadi kifua kijae, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Kama umeandikiwa mibonyezo miwili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, uitikise tena, urudie. Pampu za unga ni kinyume chake: hizo huvutwa kwa nguvu na kwa kasi. Usichanganye.

Kuoanisha kidole na pumzi si rahisi kwa mtoto, kwa mzee, wala kwa mtu aliyebanwa saa nane za usiku. Kwa hao kuna spesa, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Dawa hutua humo kwanza, nawe unaivuta kwa utulivu. Zinauzwa, ila si kila duka la dawa linazo, na bei yake huwashinda wengi. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, uliofanywa kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa ukubwa wa mdomo wa pampu na kuzibwa pembezoni isivuje, ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Safisha chupa vizuri kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, na tundu liishike pampu sawasawa. Muuguzi wa kliniki anaweza kukuangalizia kama umeitengeneza inavyofaa.

Pampu nyingi za salbutamol zina mibonyezo 200. Andika tarehe uliyoianza na uhesabu, kwa sababu gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha, na kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea hakukupi jibu la kuaminika. Kama umepewa pia pampu yenye steroidi, sukutua na uteme maji kila baada ya kuitumia, usije ukaota utando mweupe kinywani. Hiyo haifungui kifua papo hapo. Ni ya kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Na kwa mwenye pumu, tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa inasema wazi kwamba mtu mzima asitegemee salbutamol peke yake.

Dawa haitoshi bila miguu. Mtu akihema, akili inamwambia aketi. Anaketi, anapata nafuu, na kesho anaketi mapema zaidi. Misuli ya miguu inalegea, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, hivyo anahema kuliko jana. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, wagonjwa ambao mapafu yao yaliharibiwa na TB waliwekwa kwenye mpango wa mazoezi na mafunzo wa wiki 6, mara mbili kwa wiki. Mapafu yao hayakugeuka mapya, lakini waliweza kutembea umbali mrefu zaidi na maisha yao yakawa mepesi.

Huhitaji kwenda Kampala. Mweleze daktari nia yako kwanza, hasa ukiwa na ugonjwa wa moyo au presha. Kisha tembea kwenye tambarare kwa mwendo unaokuacha uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Anza na dakika tano au kumi, uongeze kidogo kidogo hadi ufike 20 au 30, siku nyingi za wiki. Siku ya mvua, kaa kwenye kiti na usimame bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, pumzika, urudie. Kuhema wakati wa zoezi hakuharibu mapafu. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ndiyo ishara ya kuacha.

Jifunze pia kutoa pumzi. Mwenye COPD hushindwa zaidi kutoa hewa kuliko kuivuta. Hewa kuukuu hubaki imenaswa ndani na mpya inakosa pa kuingia. Vuta kwa pua ukihesabu mbili, kisha kunja midomo kama anayepooza uji na uitoe polepole ukihesabu nne. Kazi za kuinua mikono juu ndizo zinazochosha kupita kiasi: kuanika nguo, kujitwika ndoo, kusuka nywele. Toa pumzi wakati ule unaotumia nguvu, si wakati wa kujiandaa. Shusha kamba ya nguo. Oga ukiwa umekaa kwenye kigoda. Toka nyumbani mapema, usikimbilie daladala. Ukibanwa njiani, egemea ukuta au keti ukiinama mbele, viwiko juu ya mapaja. Kulala chali kunazidisha.

Kuhusu moshi, anayevuta aache. Kasi ya mapafu kudhoofika hupungua kwa aliyeacha sigara, hata kama ameacha uzeeni, na hakuna pampu inayoweza kulifanya hilo badala yake. Shisha imo humohumo. Jikoni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu chakula lazima kiive. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, lakini mwenye kifua hawezi kungoja muda huo. Kama mtungi wa gesi wa nyumba ni mmoja, yeye ndiye wa kwanza kuutumia. Kama ni kuni, ziwe kavu, kupikwe nje au penye upenyo wa hewa, na mgonjwa asiwe ndiye mpulizaji wa moto. Mkaa una moshi mdogo machoni, ila hutoa hewa ya sumu isiyonusika. Jiko lake lisiingizwe chumbani kamwe.

Watu wa pwani watanisamehe kwa hili: udi nao ni moshi. Chetezo kikae mbali na chumba cha mwenye kifua, na nguo zifukizwe yeye akiwa hayupo. Dawa za mbu za kuwasha zibadilishwe kwa chandarua. Uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Chakula: kidogo kidogo, mara nyingi, kwa sababu tumbo lililojaa hunyima mapafu nafasi. Ukikonda bila kukusudia, sema kliniki. Uliza pia juu ya chanjo za mafua na nimonia.

Dukani kuwa mwangalifu. Prednisolone huokoa kifua kilichochafuka, kwa kawaida kwa siku tano tu. Anayejinunulia mwezi baada ya mwezi anakaribisha sukari, presha na mifupa dhaifu. Propranolol, dawa ya moyo na presha, inaweza kumbana vibaya mwenye pumu, kwa hiyo utaje ugonjwa wako kila unapoandikiwa dawa mpya. Oksijeni nayo ni dawa yenye kipimo. Kwa wagonjwa wengi wa COPD madaktari hulenga kiwango cha asilimia 88 hadi 92 kwenye oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, na kuzidisha kunaweza kudhuru. Usifungue mtungi kwa kubahatisha.

Mwisho, ijue siku yako ya kawaida ili uitambue siku mbaya. Makohozi yakiongezeka au kugeuka rangi kuwa manjano au kijani, ukahema kuliko ulivyozoea, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake; kuchafuka kwa kifua kukitibiwa mapema hakuachi hasara kubwa. Lakini kama huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo imekuwa ya bluu au ya kijivu, umechanganyikiwa au usingizi unakuchukua usivyo kawaida, au pampu haijaleta nafuu, hiyo ni dharura. Keti wima, endelea kutumia pampu kwa spesa ukiwa njiani, na nenda hospitali saa hiyohiyo. Waonyeshe watu wa nyumbani leo pampu inakaa wapi na hutumiwaje, kwa sababu saa hiyo ikifika hutakuwa na pumzi ya kuwaelekeza.