Neva Ikikatwa: Kwa Nini Msuli Hunyauka Ngozi Ikiwa Imepona

Mkulima wa Machame anapogolea migomba, panga linateleza na kumkata kifundo cha mkono. Jeraha linashonwa, na baada ya wiki mbili ngozi imeshikana. Miezi mitatu baadaye nyama iliyo chini ya kidole gumba imenyauka, na gumba halikutani tena na vidole vingine. Ngozi ilipona, lakini neva iliyokatwa haikutambuliwa.

Msuli hautegemei chakula pekee, bali pia amri ya neva. Katika msuli wenye afya, kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1 hushikamana na kipokezi kilicho juu ya seli na kuamsha protini iitwayo Akt. Akt huhimiza ujenzi wa protini mpya, na wakati huohuo huizuia protini nyingine, FoxO, isiingie katika kiini cha seli. Neva ikikatwa, mizani hiyo huvurugika. FoxO huingia katika kiini na kuamsha jeni za atrojini-1 na MuRF1, ambazo huzitia protini za msuli alama ya kuvunjwa. Hapo ubomoaji huushinda ujenzi.

Neva iliyounganishwa huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Ikiwa jeraha liko sentimita 30 kutoka kwenye msuli, safari hiyo huchukua siku 300 hivi. Msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu huingiliwa na kovu na mafuta, na neva ikichelewa kufika haitaweza kuurudishia nguvu zake.

Kwa hiyo, mtoa huduma apime kabla ya kuchoma ganzi: je, mgonjwa anahisi mguso kwenye ncha ya kidole cha shahada na ya kidole cha mwisho? Anaweza kuinua gumba kutoka kwenye kiganja na kutanua vidole? Akishindwa, apewe rufaa mapema, kwa mfano KCMC mjini Moshi.

Mgonjwa anayesubiri neva iote anyooshe viungo kila siku kama alivyoelekezwa, avae gango alilopewa, na aukinge mkono uliokufa ganzi dhidi ya sufuria ya moto. Mtori, maziwa na nyama huujenga mwili, lakini haviwezi kushika nafasi ya neva.