Wasiwasi au kujali? Nyenzo nne za kijana anayejiandaa kwa kazi

Mwanafunzi wa Kongo anapomaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, hana budi kuchagua tawi la masomo: ualimu, biashara, sayansi, fasihi au ufundi. Uchaguzi huo ndio utakaoamua Mtihani wa Serikali atakaoufanya miaka minne baadaye. Wengi humfuata rafiki, au huchagua shule iliyo karibu na nyumbani. Katika makala haya nataka kuonyesha nyenzo za nafsi zinazomsaidia kijana huyo, na kwa nini kuzitaja vizuri kwa Kiswahili ni kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha.

1. Nyenzo zenyewe

Mwanasaikolojia wa Marekani Mark Savickas anataja nyenzo nne: kuifikiria kesho mapema, kujiona mwenye wajibu juu ya maisha yako, hamu ya kuchunguza njia mbalimbali, na imani kwamba utaweza kuvuka vikwazo. Mwaka 2012 yeye na Erik Porfeli walitoa kipimo chenye sentensi 24, sita kwa kila nyenzo, kilichojaribiwa katika nchi 13. Anayejibu husoma kila sentensi na kusema ana nguvu kiasi gani katika jambo hilo.

Faida yake haiishii kwenye kazi. Mwaka 2009 Andreas Hirschi alichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi 330 wa darasa la nane nchini Uswisi. Nyenzo hizo zilipoongezeka kwa kijana, kuridhika kwake na maisha kuliongezeka pia. Basi si vitu vya kuzaliwa navyo tu. Vinakua, na mwalimu au mzazi anaweza kuvikuza.

2. Neno likikosea, kipimo kinakosea

Tuchukue nyenzo ya kwanza. Mwenye kutafsiri kutoka Kifaransa atakutana na neno *préoccupation*, na kalamu yake itaandika haraka «wasiwasi». Lakini wasiwasi humnyima mtu usingizi na kumfunga mikono, wakati nyenzo hii humfanya ajiandae. Kijana akiulizwa kama ana wasiwasi na kesho, akajibu «sana», tutamhesabu mwenye nguvu pale alipo dhaifu. Mimi napendekeza «kuijali kesho». Kitenzi kujali kinabeba moyo na matendo pamoja. Pia kinatofautisha nyenzo hii na ule ujanja wetu wa «Kifungu cha 15», yaani jitafutie mwenyewe: ujanja huo hutatua shida ya leo, na mara nyingi kesho yake tunaanza upya.

Nyenzo ya pili ingeweza kuitwa «kujitawala», ila neno hilo linanuka siasa na uhuru wa nchi. «Kujiamulia» ni karibu zaidi, lakini nyumbani kwetu uamuzi wa masomo huwa wa baba, mama na wajomba pamoja, na mtoto anayejiamulia peke yake ataitwa mkaidi. Savickas hasemi kijana awatenge wazazi. Anasema ajione mwenye sehemu yake ya wajibu. Sentensi kama «Ninashiriki katika kuamua masomo yangu» inafaa pande zote mbili.

Ya tatu ni «udadisi». Kamusi inaukubali, lakini mitaani mdadisi ni yule anayechokonoa mambo ya watu. Nani atajisifu kwa hilo? Afadhali tuseme «kutafuta kujua»: kumuuliza fundi umeme siku yake inakwendaje, au muuguzi alisoma miaka mingapi.

Ya nne, «kujiamini», iko karibu sana na kiburi. Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani hii inahusu kazi fulani maalumu, na kwamba chanzo chake chenye nguvu kuliko vyote ni kuwahi kufaulu katika kazi kama hiyo. Kwa hiyo kumwambia kijana «jiamini tu» hakusaidii sana. Mpe hesabu anayoiweza, kisha ngumu kidogo, naye atajionea.

Hata «kuridhika» lina mtego. Kwetu aliyeridhika anaweza kuwa yule aliyekubali alichopewa kwa sababu hana la kufanya. Watafiti wanamaanisha mtu anayeyapima maisha yake kwa kipimo chake mwenyewe na kuyaona mazuri.

3. La kufanya

Njia ya kazi inajulikana. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakubaliane. Wa tatu, ambaye hajaona maandishi ya asili, arudishe tafsiri kwenye Kifaransa. Halafu wanafunzi wa sekondari wenyewe waombwe kueleza kila sentensi kwa maneno yao, Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu, kwa maana havilingani.

Najua nyenzo za nafsi hazilipi pesa za shule, wala hazifungui ajira pale ambapo haipo. Kumtaka kijana ajiamini huku tukinyamazia hayo ni kumbebesha lawama isiyo yake. Lakini yule ambaye mlango mmoja umefungwa mbele yake ndiye anayehitaji zaidi kuwa amefikiria mlango wa pili. Tukitaka kumsaidia kufikiria hivyo, tumuulize kwa maneno anayoyaelewa, na tuyachague kabla hatujachapisha fomu hata moja.