Tafsiri ya Mapishi na Usalama wa Mlaji: Mfano wa Vikate vya Nyama ya Chumvi

Utangulizi

Sajili ya upishi ni miongoni mwa sajili ambazo mwanafunzi wa isimujamii hukutana nazo mapema. Aghalabu hutajiwa sifa zake: vitenzi vya kuamuru, sentensi fupi, vipimo na majina ya vyombo. Somo huishia hapo. Kinachosahauliwa ni kuwa mapishi ni matini ya utendaji: msomaji huyasoma ili atende, na akishatenda, watu hula. Kosa la msamiati katika shairi humpotosha mhakiki. Kosa lilo hilo katika mapishi huweza kuwalaza wageni hospitalini.

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa mfano mmoja, yaani tafsiri ya mapishi ya vitafunio vya Kimarekani vya nyama ya ng'ombe iliyokolezwa chumvi, ambavyo huokwa kwa ajili ya tafrija, hasa karibu na tarehe 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, inayoadhimishwa na Wamarekani wenye asili ya Ireland. Mwongozo wa uchunguzi ni nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Mjerumani Hans Vermeer mwaka 1978, ambayo hushikilia kuwa lengo la matini lengwa ndilo linalotawala maamuzi ya mtafsiri. Lengo la mapishi ni chakula kilichofaulu na kisichomdhuru mlaji.

Jina la chakula

Huko Marekani vitafunio hivi huitwa slider. Jina hilo lilihusishwa na hamburger ndogo, kama zile za mikahawa ya White Castle iliyoanzishwa Wichita, Kansas, mwaka 1921. Baadaye likapanuka na kujumuisha sandwichi yoyote ndogo ya mkate laini. Mtafsiri akitumia utohozi atapata slaida, neno litakalogongana na slaidi za mihadhara. Kiswahili, hata hivyo, kina njia yake: hali ya udogo. Mkate hutoa kikate, wingi vikate, na papo hapo msomaji huelewa umbo na ukubwa wa kinachoandaliwa. Hata neno la hafla lina uzito. Dhifa ina itifaki na karamu ina masinia. Vikate hivi, ambavyo mgeni huvila kwa mkono akiwa amesimama, mahali pake ni tafrija.

Jina la nyama

Hapa ndipo penye hatari. Jina la Kiingereza la nyama hii, corned beef, lina neno corn kwa maana yake ya zamani ya chembe; zinazorejelewa ni chembe za chumvi, wala si mahindi. Tafsiri ya "nyama ya mahindi" itazua kicheko na kuishia hapo. "Nyama ya chumvi" inakaribia ukweli, lakini ndiyo yenye kudhuru zaidi, kwa sababu jina hilo moja la Kiingereza hubeba vitu vitatu.

Cha kwanza ni kidari kibichi cha ng'ombe kilicholowekwa kwa siku kadhaa katika maji ya chumvi na viungo. Hiki sharti kichemshwe kwa moto mdogo. Kipande cha kilo 1.5 huhitaji takriban saa mbili na nusu hadi tatu. Cha pili ni kidari hicho hicho kikiwa kimeshaiva na kukatwa vipande vyembamba. Cha tatu ni nyama ya mkebe, ile ambayo Wakenya waliizoea kutoka kiwanda cha Athi River cha Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka 1950. Watanzania, ambao waliipata kutoka Tanganyika Packers ya Kawe, Dar es Salaam, huiita nyama ya kopo. Nyama ya mkebe huwa imeshaiva.

Mapishi ya Kiingereza husema tu nyama iokwe pamoja na mkate kwa dakika 20. Mmarekani huelewa kuwa ni ile ya pili. Msomaji wa Kiswahili aliyeambiwa "nyama ya chumvi" anaweza kuipaka nyama mbichi chumvi, akaioka dakika 20, akawaandalia wageni nyama isiyoiva. Wala macho hayatamwokoa. Nyama hii hutiwa chumvi ya naitraiti, ambayo huifanya ibaki na rangi ya waridi hata baada ya kuiva. Kwa kuwa rangi si shahidi wa kutegemewa, neno ndilo linalobaki kumlinda mlaji. Sarufi ya Kiswahili inaliwezesha hilo kwa kirejeshi pamoja na hali timilifu: nyama ya chumvi iliyokwisha kuiva. Ufafanuzi huu haufai kuchukuliwa kama urefushaji usio na haja.

Vitenzi, joto na muda

Kiingereza hutumia kitenzi cha kuoka kwa mkate mbichi na kwa mkate uliokwisha kuokwa unaorudishwa motoni. Kiswahili hutenganisha kuoka, kuchoma, kubanika na kupasha moto. Kinachofanyika hapa kwa kweli ni kupasha moto hadi jibini iyeyuke. Kuoka kunahusu tu kule kukausha sehemu ya juu ya mkate. Mtafsiri akivitumia vitenzi vyote viwili kila kimoja mahali pake, msomaji ataelewa kuwa nyama haitarajiwi kuivia humo.

Kuhusu joto, mapishi ya Marekani huandika 350, yaani nyuzi za Farenhaiti. Mpishi wa Kenya, ambaye oveni yake huonyesha Selsiasi, ataviunguza vikate endapo tarakimu hiyo itanakiliwa bila kizio. Inayofaa ni 175. Muda nao una mtego wake: "chemsha saa tatu" huweza kufasiriwa kuwa ni wakati wa kuanza kazi, asubuhi au usiku. "Chemsha kwa muda wa saa tatu" huondoa utata huo.

Matini lengwa

Kutokana na mjadala huu, mapishi yanaweza kuandikwa hivi:

Mahitaji ya vikate 12: skonzi laini 12 zilizoshikana, gramu 350 za nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyokwisha kuiva, iliyokatwa vipande vyembamba, gramu 200 za jibini, gramu 200 za kabichi iliyochachushwa, iliyokamuliwa maji, vijiko vitatu vya mezani vya mayonezi vilivyochanganywa na kijiko kimoja cha sosi ya nyanya, gramu 60 za siagi, kijiko kimoja cha chai cha haradali.

Namna ya kuandaa: Washa oveni ifikie nyuzi 175 za Selsiasi. Bila kuzitenganisha skonzi, zipasue zote kwa ulalo ili upate tabaka la chini na la juu. Weka tabaka la chini katika trei iliyopakwa siagi kidogo. Tandaza nusu ya jibini, kisha nyama, kabichi, mchanganyiko wa mayonezi na jibini iliyosalia. Funika kwa tabaka la juu. Yeyusha siagi iliyobaki, changanya na haradali, paka juu. Funika trei kwa karatasi ya foili, upashe moto kwa muda wa dakika 15. Ondoa foili, uoke kwa dakika 5 zaidi hadi juu pakauke na kung'aa. Kata vikate, uviandae vikiwa moto.

Tanbihi: Ukitumia nyama ya mkebe, iweke kwanza kwenye jokofu igande kidogo, kwani isipopoa husambaratika inapokatwa. Usiongeze chumvi.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa udhaifu wa tafsiri nyingi za mapishi hautokani na uhaba wa msamiati. Kiswahili kina hali ya udogo, virejeshi, hali timilifu na vitenzi vinavyotenganisha aina za kupika. Kinachokosekana ni mtafsiri kujiuliza, kabla ya kuandika neno, atakachofanya msomaji kwa mikono yake baada ya kulisoma. Wanafunzi wanaofanya mazoezi ya tafsiri wanahimizwa kuwapa wapishi matini zao wazijaribu jikoni, pasipo mtafsiri kuwepo kufafanua. Mahali ambapo mpishi atasita na kuuliza ndipo tafsiri inapohitaji kurekebishwa.