Somo la Kikundi: Njugu ya Mwisho



Wengi wenu huko mashambani mnafikiri wanyama wa porini ni shida yenu peke yenu, na ati sisi wa Nairobi tunawaona kwenye noti tu. Sivyo. Somo la leo linatoka Mbotela, mtaa wa Eastlands kando ya Barabara ya Jogoo.

Likizo moja ya Agosti akina mama wa kikundi chetu waliwapeleka watoto wa Sunday School City Park, kule Parklands. Ni msitu mdogo katikati ya jiji, na umejaa kima. (Hapa kwetu kila mmoja huitwa "nyani", lakini nyani ni mkubwa zaidi na uso wake ni mrefu kama wa mbwa.) Wageni huwalisha njugu na ndizi, na kima wamezoea watu mpaka wanapanda mabegani. Watoto walifurahi sana. Msichana mmoja wa miaka 9 alibakisha njugu moja ya kumpelekea mdogo wake nyumbani, akaificha kwenye ngumi. Kima akaja kuitafuta. Alipoona mkono haufunguki, akaufungua kwa meno.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa, kuliko hata yale meno. Mama mmoja alitaka kupaka majivu. Mwingine akasema, "Funga tu na leso, twende nyumbani, ni kidonda kidogo." Kwa bahati kulikuwa na mama aliyewahi kufundishwa kazi ya afya ya kijiji. Alimpeleka mtoto kwenye mfereji, akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, akitazama saa, mtoto akilia. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mahali pa kwanza walisema chanjo hakuna. Pa pili ilipatikana.

Kwa nini haraka hivyo? Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mnyama aliye nao. Hapa Kenya mara nyingi huletwa na mbwa, lakini mnyama yeyote anyonyeshaye aweza kuupata, na kwa kumtazama tu huwezi kujua. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kabla hazijaanza, kuosha vizuri na kumaliza sindano zote huokoa. Zote, jamani. Wengi huchomwa ya kwanza, wakiona kidonda kimekauka hawarudi tena. Muulize daktari pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Sasa turudi kwa kima. Chakula chake ni matunda, majani, maua na wadudu. Hakuzaliwa akijua kwamba ngumi ya mtoto ina njugu. Sisi ndio tuliomfundisha, mgeni baada ya mgeni. Mkienda mahali kama hapo msiwalishe, na vyakula vifungwe ndani ya mfuko. Kima akikukodolea macho na kuonyesha meno, hacheki, anakutisha. Usimwangalie machoni. Mwonyeshe viganja vitupu, urudi nyuma polepole bila kukimbia. Akishika kitu chako, mwachie. Ndizi haina thamani ya kidole.

Wengine watasema basi tusiende City Park. Mimi sikubali. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipigania Uhuru Park isijengwe ghorofa, na mwaka 1999 akapigania msitu wa Karura, ili mtoto wa maskini naye awe na mahali pa kukaa chini ya mti. Twende, lakini twende tukijua.

Na hapo Mbotela penyewe? Sisi tuna kongoti, wale ndege wenye upara na mfuko shingoni, warefu karibu kama mtu, na mwewe. Mwewe humnyang'anya mtoto mkate akiwa anatembea, na kucha zake hukwaruza. Kongoti hula mizoga na takataka. Kwa miaka mingi wamejenga viota kwenye migunga ya karibu na Nyayo Stadium, wakishuka kutafuta chakula kwenye majaa kama lile la Dandora. Watu huwatupia mawe wakisema ni ndege wa mkosi. Mkosi gani? Walifuata matumbo ya kuku na mabaki ya bucha tuliyotupa kwenye mtaro. Kikundi chetu kilinunua mapipa mawili yenye vifuniko na kuongea na wenye bucha wasimwage tena nje. Kongoti wamepungua hapo mtaroni, na panya pia. Kazi haijaisha, wiki mtu anaposahau kifuniko, wanarudi.

Someni Mwanzo 2:15 pamoja, kisha mzungumze haya:

Ni wanyama gani wanaokuja karibu na nyumba zenu, na ni chakula gani chetu kinachowaita? Tumbili wa kwenye mahindi asisahauliwe.

Katika kijiji chenu mtu akiumwa na mnyama, hupakwa nini kwanza? Msione haya kusema.

Zahanati iliyo karibu nanyi ina chanjo ya kichaa cha mbwa? Kama haina, iliyo nayo ni ipi, na nauli ya kufika huko ni shilingi ngapi? Mchagueni mmoja aende kuuliza kabla ya mkutano ujao, na mweka hazina aandike jibu kwenye kitabu cha kikundi.