KUCHOMA VIPANDE VYA SAMAKI VILIVYOTIWA VIUNGO

Kuchoma samaki ni kazi ambayo kila mtu wa pwani hudhani ya kuwa aijua tangu utotoni, na labda kwa sababu hiyo ni wachache waifanyao vizuri. Katika somo hili twasema habari za vipande vinene vya nguru au jodari, vilivyokatwa mkingamo, mfupa wa mgongo ukabaki katikati, kisha vikalowekwa katika ndimu na viungo kabla ya kuwekwa juu ya makaa. Samaki mzima mdogo, kama changu au tasi, ana njia yake nyingine. Walio karibu na Ziwa Viktoria waweza kumkata sangara vivyo hivyo, yule samaki mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950.

Nalihudhuria karamu moja zamani, ambapo jodari aliletwa asubuhi, akaachwa kapuni hata alasiri, ndipo akatiwa viungo kwa ustadi mkubwa. Nyama ilikuwa tamu. Mgeni mmoja alisema kwamba yamchoma ulimi, akachekwa, akaambiwa kuwa ni pilipili. Saa moja haikwisha, wageni wakaanza kuona joto kali usoni na shingoni, vichwa vikawauma, mioyo ikawaenda mbio, na baadhi yao wakatokwa na vipele vya kuwasha. Usiku ule ule yule mama aliyepika akatuhumiwa kuwa ametilia watu sumu. Asubuhi wote walikuwa wazima, lakini maneno yalikwisha enea, na muda mrefu ulipita kabla ya jirani zake kukubali kula tena chakula cha mkono wake.

Mama yule hakutia kitu. Sumu ile ilikuwa imejifanya yenyewe ndani ya kapu. Katika nyama ya jodari, nguru, vibua na dagaa wa baharini mna kitu kiitwacho histidini, ambacho peke yake hakina madhara. Samaki akikaa katika joto, vijidudu visivyoonekana kwa macho hukigeuza kuwa kitu kingine, yaani histamini, na hiyo ndiyo iwaletayo walaji joto la uso na maumivu ya kichwa. Ikiisha kufanyika haiondoki. Moto hauiunguzi, chumvi haiishindi, wala barafu ikiletwa baadaye haifai kitu. Kwa kawaida ugonjwa huu hupita wenyewe kabla ya siku kwisha, lakini mtu akishindwa kuvuta pumzi vema, au akizimia, imempasa kupelekwa hospitali mara moja. Wenye kuamua mashauri ya watu vijijini wangefanya vema kuuliza kwanza samaki alikaa wapi na kwa muda gani, kabla ya kuuliza nani amemchukia nani.

Sasa msomaji ataona kwa nini naogopa neno lile lisemwalo sana majikoni: "Samaki amelala kidogo, lakini mtie ndimu na saumu nyingi, ataliwa." Shombo ya samaki wa baharini hutokana na kitu ambacho tabia yake ni kama ya magadi, na ndimu ni chachu, vikikutana hufungana, na harufu haipandi tena puani. Kwa samaki mpya jambo hili ni zuri. Kwa samaki wa zamani ni kama kumfukuza shahidi barazani kabla hajasema. Tena histamini yaweza kuwamo hata kabla harufu mbaya haijatokea.

Kwa hiyo kazi ya kuchoma huanza sokoni. Samaki akiwa mzima, tazama macho yawe maangavu na mashavu ya ndani yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, nayo yapasa kurudi mahali pake. Lakini nguru mara nyingi huuzwa akiwa amekwisha katwa, kichwa hakipo, na alama hizo zote zimekwenda na kichwa. Hapo muulize mwuzaji alivuliwa lini na kama alilazwa katika barafu tangu chomboni, na asiyeweza kujibu mwache na samaki wake. Mwenye barafu na amfunike juu na chini mpaka nyumbani. Asiye nayo na ampike mara afikapo.

Vipande viwe na unene wa inchi moja. Vikiwa vyembamba hukauka kabla ya kupata rangi, na vikiwa vinene mno huungua nje hali ndani ni vibichi. Kwa kilo moja ya samaki yatosha ndimu mbili, punje sita za kitunguu saumu, tangawizi kiasi cha kidole gumba, pilipili mbili mbichi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha bizari ya manjano, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Twanga, changanya, pakaa pande zote, uache nusu saa mahali pa baridi. Watu wengine huacha tangu asubuhi hata jioni wakidhani ya kuwa ladha itazidi kuingia. La, ndimu huigeuza nyama ikawa nyeupe na ngumu kana kwamba imekwisha pikwa, na juu ya makaa huwa kavu kama kizibo. Wala usitie papai bichi kama wafanyavyo kwa mishikaki ya ng'ombe. Papai hulainisha nyama ngumu, na nyama ya samaki si ngumu, itakuwa uji.

Makaa na yawake mpaka yafunikwe na jivu jeupe, pasiwe na ndimi za moto. Jiko liwe uani au barazani, kamwe lisiwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imewaua watu wakiwa usingizini. Acha wavu upate moto sana, kisha uupake mafuta, ndipo uweke vipande. Hapa subira inatakiwa, nami nakiri kuwa sinayo siku zote. Kipande kinachong'ang'ania wavu bado hakijawa tayari kugeuzwa. Kikiiva upande wake huachia chenyewe. Dakika nne au tano kila upande, na kigeuzwe mara moja tu. Chungulia karibu na mfupa: nyama ikiwa haing'ai tena kama kioo, na ikiachana kwa matabaka, imekwisha iva. Maji yaliyobaki bakulini yaligusa samaki mbichi, basi usiyapake juu ya samaki aliyeiva ila umeyachemsha kwanza.

Watu wa Unguja, Mombasa na Lamu humalizia kwa tui, na ndiye samaki wa kupaka. Chukua tui zito la nazi moja, litie chumvi, pilipili na bizari, ulipike kwa moto mdogo ukilikoroga daima hata liwe zito kama uji wa mtoto, kisha ukamulie ndimu. Vipande vikikaribia kuiva, vipake tui upande wa juu, vigeuze kidogo upande huo upate moto, vipake tena upande wa pili. Tui linalodondoka juu ya makaa hutoa moshi mtamu unaorudi katika nyama, na majirani watajua mnapika nini. Liliobaki limwagwe juu ya vipande sahanini, kikiwa bado cha moto, kikaliwe na wali au mkate wa kumimina.